Saadani na shangazi wa miaka 71: tulale ndani ya hifadhi, Ushongo au Bagamoyo?

MwanaChumbageni

Asalaam aleikum wadau, na habari za jioni kwa wote.

Niko Tanga mjini. Shangazi yangu anayeishi Muscat anakuja mwezi wa saba, na safari hii ameshika moja tu: anataka kumwona twiga akiwa kwao, si kwenye televisheni. Serengeti imetushinda kwa umbali na kwa mfuko, kwa hiyo tunakwenda Hifadhi ya Saadani. Tutakuwa sita: mimi, mume wangu, shangazi (ana miaka 71, magoti yanamsumbua na anachoma insulini) na watoto watatu, kitinda mimba ana miaka 5. Gari ni Prado ya kaka yangu, kuukuu lakini inakwenda. Tuna siku tatu, yaani usiku mbili.

Kinachonikosesha usingizi ni mahali pa kulala. Kuna mabanda ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, ndani ya hifadhi, karibu na bahari, unajipikia mwenyewe. Kuna kambi za mahema ya kitajiri, ambazo picha zake mtoto wangu mkubwa ameshanionyesha mara kumi. Kuna vijumba vya ufukweni Ushongo, kule Pangani, tuwe tunaingia hifadhini asubuhi na kutoka jioni. Na mume wangu anapigia debe Bagamoyo kwa sababu kuna hospitali na shangazi ataona magofu ya Kaole.

Aliyewahi kulala kokote kati ya huko aseme ukweli wake.

Dereva_wa_Segera

Waaleikum salaam dada. Kabla ya kitanda, tuanze na geti.

Tiketi ya hifadhi ni ya kuingia mara moja. Ukitoka jioni kwenda kulala nje, kesho ukirudi unalipa upya. Ukilala ndani, unahesabiwa saa 24 tangu ulipoingia. Maana yake ukiingia saa nane mchana, unapata mzunguko wa jioni, unalala, unaamka na mzunguko wa alfajiri, unakunywa chai, na mpaka saa nane hujadaiwa kitu. Mwenzako aliyelala Bagamoyo kwa tiketi ileile anafika wanyama wameshajificha kivulini, anatoka kabla hawajarudi. Watu wanaangalia bei ya chumba, wanasahau kwamba mnyama hakusubiri umalize kifungua kinywa.

Swali langu: shangazi ana pasi gani?

MwanaChumbageni

Ya Oman. Kwa nini?

Dereva_wa_Segera

Hapo ndipo penye hesabu. Nyinyi mkiwa na vitambulisho vya NIDA mnalipa kwa shilingi, kiingilio cha wana Afrika Mashariki, hela ambayo haiumizi. Shangazi analipa cha mgeni kutoka nje, kwa dola, na malazi ya ndani vilevile. Hata kama alizaliwa Ngamiani hapa Tanga, getini wanasoma pasi, hawasomi nasaba. Mtoto wa chini ya miaka 5 haingii kwenye malipo, lakini wako ameshafika, atalipa ya mtoto. Na msije na fedha taslimu mkononi. Malipo ni kwa kadi au kwa kontro namba, ile namba ya malipo ya serikali, na mtandao wa simu huko una siku zake, kwa hiyo lipieni mkiwa bado mjini.

Kila siku ya ziada ndani ni dola nyingine za shangazi. Ingekuwa mimi, ningelala ndani usiku mmoja tu, ule wa kwanza, wa pili nikamstarehesha nje.

BintiKaole

Ngoja na sisi wa Bagamoyo tuseme, maana dereva ameshatufukuza mlangoni.

Kwetu mgeni ana mengi ya kufanya bila kuona hata ngiri. Kaole kuna msikiti wa karne ya 13 na makaburi ya nguzo. Kuna Karavanserai, kituo cha zamani cha misafara, kuna misheni ya Wakatoliki ya mwaka 1868, jioni unakula samaki wa kukaanga pale sokoni na upepo wa bahari unakupiga. Kwa mzee mwenye sukari, kujua kwamba hospitali haiko mbali ni nusu ya usingizi.

Lakini kwa kwenda na kurudi Saadani, sitadanganya. Mwaka juzi tulitoka saa kumi na moja alfajiri kupitia Makurunge. Tumefika, tumezunguka, tumepanda mashua Mto Wami tukaona viboko na mamba mpaka watoto wakachoka kuhesabu, tumerudi usiku miili imevunjika. Mama yangu, ambaye ana miaka 60 tu, alilala siku nzima iliyofuata. Kama mnatoka Dar, Bagamoyo ni njiani. Ninyi mnatoka Tanga, mtaipita hifadhi muende kulala mbele yake, kisha mrudi nyuma kuitafuta. Huo ni mzunguko wa nini?

Dereva_wa_Segera

Waja leo warudi leo. Sisi wa Tanga ndiyo jina letu, lakini kwenye hifadhi halifai 😀

Mama_wa_Wawili

Mimi nililala kwenye kambi ya mahema, jina nalihifadhi. Ilikuwa zawadi ya miaka kumi ya ndoa. Pazuri, siwezi kusema uongo. Kitanda kikubwa, chandarua cheupe, unafungua zipu asubuhi unaona bahari.

Mambo mawili ambayo picha hazisemi. Kwanza, hema limeinuliwa juu ya jukwaa la mbao. Nilihesabu ngazi kumi na moja, hazina mahali pa kushika upande wa kushoto, na chakula kinaliwa kwenye jengo jingine lenye ngazi zake. Fikiria magoti ya shangazi, mara tatu kwa siku, na usiku unasindikizwa na mlinzi mwenye tochi. Pili, tuliambiwa bei ya chumba, tukaja kukuta kiingilio cha hifadhi hakimo, mzunguko wa gari haumo, mashua haimo. Tulibishana siku ya kuondoka, mume wangu akiwa ameshika risiti na uso umemvimba. Kama mnaenda huko, waandikieni mkiuliza: bei hii inajumuisha nini na haijumuishi nini, kwa watu sita, kwa shilingi ngapi. Majibu yaje kwa maandishi.

Fundi_Jiko

Mabanda nimelala mara tatu, naweza kuyasemea.

Ni nyumba za kawaida: kitanda, chandarua, choo, hakuna ngazi za kukutoa jasho. Usitegemee mtu wa kukupikia wala duka la maana. Mimi nabeba mtungi mdogo wa gesi, mchele, unga, nazi zangu nimeshazikuna nyumbani, maji ya kunywa ya kutosha siku zote. Samaki utawapata kijijini Saadani, wavuvi wakirudi. Kijiji kimezungukwa na hifadhi na ni cha zamani kweli, ndiko alikokuwa Bwana Heri aliyepigana na Wajerumani.

Chakula fungieni ndani. Mara ya kwanza niliacha mfuko wa maandazi kwenye meza ya nje nikaingia kuchukua sukari. Kurudi, tumbili amekaa juu ya paa, mfuko kati ya miguu, anatoa andazi moja moja, analigeuza, anauma kipande, analitupa, anachukua jingine. Kama mtu anayechagua nyanya sokoni. Nilimaliza kumtukana akabaki na maandazi manne.

Ila jambo lililonirudisha mara ya pili na ya tatu ni alfajiri. Saa kumi na mbili kasorobo, maji yamekupwa, nimeshuka ufukweni nikakuta nyayo za kwato mbichi kwenye mchanga mgumu, bado zinajaa maji taratibu. Nimeinua macho, kuro watatu, wale wakubwa wa jamii ya swala, wamesimama karibu na mikoko, wananitazama. Nyuma yao jahazi linakwenda. Hakuna hifadhi ya taifa nyingine Tanzania yenye wanyama wa aina hiyo inayoshuka mpaka Bahari ya Hindi, na hilo hulipati ukilala nje, kwa sababu saa hiyo wewe uko barabarani unatafuta geti.

Mzee_Bweni

Nimezaliwa ng'ambo ya Mto Pangani, Bweni. Huyu binti anakuja mwezi wa saba na watu wanamtajia Ushongo bila kumwambia kuhusu upepo wa kusi.

Ushongo pana utulivu, mchanga mweupe, minazi, watu wastaarabu. Lakini mwezi wa saba kusi inavuma. Watakushawishi uende Kisiwa cha Maziwe. Maziwe zamani kulikuwa na miti, siku hizi ni fungu la mchanga linaloonekana maji yakipwa tu, na kwa kusi mtu wa miaka 71 kwenye mashua ndogo atalowa mpaka kilemba. Watoto wapelekeni kama nahodha amekubali mwenyewe, si kama ameombwa. Shangazi mwacheni kivulini na dafu.

Jingine, ulizieni kasa. Hutaga zaidi wakati wa masika, na mayai huanguliwa baada ya miezi miwili hivi, kwa hiyo mwezi wa saba mnaweza kubahatika kuona vitoto vikikimbilia maji. Kuna vijana wa pale wanalinda viota, wanajua siku ya kiota kufunguka.

NesiMstaafu

Nimesoma kote huku hakuna aliyegusa insulini.

Mwanangu, ile chupa au kalamu anayoitumia sasa kwa kawaida inakaa nje ya friji kiasi cha wiki nne, mradi joto lisizidi kiwango kilichoandikwa kwenye karatasi ya ndani, ambacho kwa aina nyingi ni kati ya nyuzi 25 na 30. Someni karatasi yake. Ile ya akiba ndiyo inayotaka baridi, na kwa siku tatu mnaweza kuiacha Tanga kwenye friji mkabeba inayotumika pamoja na moja ya dharura. Msiiweke juu ya barafu, ikiganda imeharibika hata ikiyeyuka. Msiiache kwenye dashibodi. Nunueni mtungi wa udongo mdogo, weka maji kidogo, dawa ndani ya kikombe kikavu kinachoelea au kilichosimamishwa, funika kwa kitambaa kibichi. Bibi zetu walipoza maji hivyo. Na abebe kitu kitamu mfukoni, mizunguko ya gari huwa inachelewesha chakula.

Kijana_wa_Same

Kwa nini hamji Mkomazi? Hifadhi tangu 2008, kubwa mara tatu ya Saadani, ina faru weusi na mbwa mwitu. Saadani simba hamtamwona.

Fundi_Jiko

Simba ni kweli. Mara tatu nimekwenda, nimemsikia mara moja, usiku, mbali. Dada, usiwaahidi watoto simba. Waahidi twiga, nyati, ngiri, kongoni, mbega, viboko. Tembo wapo, ila ni bahati. Mkomazi pazuri, lakini hapana bahari, na shangazi amezaliwa akiisikia.

Dereva_wa_Segera

Sasa njia. Kutoka Tanga shukeni Pangani, vukeni mto kwenda Bweni, mteremke kupitia Mkwaja. Barabara ya Tanga–Pangani–Bagamoyo imekuwa ikijengwa, kwa hiyo wiki ile ya safari pigeni simu hifadhini muulize kipande gani kina mchepuko. Njia ya kupitia Segera mpaka Mandera halafu kuingia kushoto ni ndefu kwenu. Mwezi wa saba pamekauka, Prado inatosha. Masika ningekukataza. Mimi mwaka mmoja, mwezi wa Aprili, nilinasa kwenye ule udongo mweusi wa mbuga tangu saa saba mpaka giza, tairi zote nne zimevaa viatu vya tope, abiria wananiangalia kama mimi ndiye niliyeinyeshea mvua.

Na mbung'o wapo. Wanafuata rangi ya bluu na nyeusi, ndiyo maana hata vitambaa vya kuwatega vimeshonwa kwa rangi hizo. Vaeni kahawia, kijani iliyopauka, maziwa.

MwanaChumbageni

Ahsanteni sana wote, Mungu awalipe. Tumekaa kikao usiku huu.

Tunatoka Tanga asubuhi bila haraka, tunaingia hifadhini saa nane, tunalala mabandani usiku mmoja, tiketi moja ya shangazi. Alfajiri ufukweni, mzunguko, kama viungo vinaruhusu mashua ya Wami, saa saba na nusu tumeshatoka. Usiku wa pili Ushongo, yeye na dafu lake. Mume wangu kanuna kidogo kuhusu Kaole, nimemwambia atakwenda akimsindikiza shangazi uwanja wa ndege Dar. Mtungi wa udongo nimeshaagiza.

Limebaki moja. Nimempigia shangazi kumweleza kuhusu mbung'o na rangi. Akanyamaza. Akauliza, "Kwa hiyo mabuibui yangu yote manane?" Nikasema ndiyo shangazi, yote meusi. Akanyamaza tena. Ndiyo sasa hivi amenitumia picha mbili za dukani Muscat, moja rangi ya kahawia, moja rangi ya mchanga, anauliza ipi twiga ataipenda.

BintiKaole

Ya mchanga. Ya kahawia atafanana na kuro, Fundi atakuja kumpiga picha alfajiri.