Tupeane uzoefu: Kupaki gari kwenye mlima, lilishawahi kukuponyoka?

Kijiti (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za muda huu. Naomba tukae kidogo kwenye jambo ambalo wengi wetu tunalifanya kila siku bila kulifikiria: kupaki gari kwenye mlima au mteremko. Naanza na langu, kisha kila mwenye lake alilete.

Wiki tatu zilizopita nilishuka mlima mrefu, breki nimezikanyaga muda wote mpaka harufu yake ikaingia ndani ya gari. Nikafika ninakokwenda, nikapaki pembeni, pua ya gari inatazama bondeni. Gari langu ni la manyuo, la kuingiza gia kwa mkono. Nikavuta hendibreki, nikaacha nyutro, yaani bila gia, kama nilivyozoea, nikatoa mguu kwenye breki. Halikusogea hata kidogo. Nikafunga milango, nikaingia nyumbani kwa mwenyeji wangu.

Ilipita kama robo saa. Nikasikia kokoto zinasagika nje, polepole, kama mtu anayetembea na viatu vizito. Natoka, gari halipo nilipoliacha. Lilikuwa limeshuka hatua kama thelathini, limepanda kitalu cha maua na kuegemea ukuta, bampa imepasuka katikati. Milango imefungwa, hendibreki iko juu vilevile nilivyoivuta. Na kwenye ukuta ule, wakati napaki, walikuwa wamekaa watoto wawili. Niliwasalimia mimi mwenyewe. Bahati walikuwa wameshaitwa ndani.

Bampa nimeshabadilisha. Wale watoto ndio hawanitoki akilini. Ninachotaka kuelewa ni hiki: gari lililotulia mbele ya macho yangu liliwezaje kuondoka robo saa baadaye bila mtu kuligusa?

Spana 17

Pole sana mkuu, na tumshukuru Mungu kwa hao watoto.

Mimi ni fundi, na jibu lako liko kwenye ile harufu. Diski ya breki ikipata moto hutanuka. Ulipovuta hendibreki, pedi ziliibana diski ikiwa imetanuka, zikashika vizuri tu. Ulipoingia ndani diski ikaanza kupoa, ikanywea, na ule mbano ukalegea kidogo kidogo. Kwenye tambarare usingejua kama kuna kilichobadilika. Kwenye mteremko kulegea huko kunatosha.

Kwa hiyo ukiwa na mlima mrefu wa kushuka, shuka na gia nzito, yaani namba ndogo, ili injini ibebe gari, breki zisiungue. Ukilazimika kupaki zikiwa bado za moto, vuta hendibreki kwa nguvu kuliko kawaida na uache gia ndani. Ukiweza, rudi baada ya dakika kumi uivute tena. Mara nyingi utaona inakubali mlio mmoja au miwili zaidi (ile "tik" ya hendibreki ikipanda), na hiyo milio ndiyo ule mbano uliokuwa umepotea.

Hiyo milio tuizingatie kwa ujumla. Hendibreki nzima hushika baada ya milio michache, na kitabu cha gari lako kinaeleza mingapi. Ukiona siku hizi inapanda juu sana ndipo ishike, waya umelegea au pedi zimelika. Nimeletewa magari ambayo mwenyewe ameshazoea kuivuta kwa mikono miwili na anaona ni kawaida. Jamani, si kawaida. Lete gari.

Jambo jingine: kwenye magari mengi madogo hendibreki hushika magurudumu ya nyuma tu. Ulipoacha nyutro, mkuu, gari lote lilibaki mikononi mwa hayo mawili.

Njia Panda

Na gia ya kuacha ni ipi sasa? Mimi niliambiwa namba moja popote pale. Halafu habari ya kukata tairi, yaani kuligeuza upande kwa usukani, kila mtu ananiambia lake.

Mwalimu wa Usukani

Ndugu Njia Panda, nafundisha udereva, na hapo ndipo wanafunzi wangu wengi huchanganya. Twende taratibu.

Gia kwanza. Pua ikitazama mlimani, acha namba moja. Pua ikitazama bondeni, acha rivasi. Hizo ndizo gia nzito kuliko zote: gari likitaka kuondoka lazima liizungushe injini, na kwa gia hizo kuizungusha ni kazi kubwa. Ukiacha namba nne, injini inazungushwa kirahisi na gari linaondoka nayo.

Sasa tairi. Pua ikitazama bondeni, kata usukani kuelekea pembeni mwa barabara, ili gari likiponyoka tairi ligonge ukingo papo hapo. Pua ikitazama mlimani na pembeni kuna ukingo wa zege ulioinuka, kata kinyume chake, kuelekea katikati ya barabara, halafu liache gari lirudi nyuma taratibu, mguu wako ukiwa juu ya breki, mpaka ubavu wa nyuma wa tairi la mbele uegemee ukingo. Na kama unatazama mlimani lakini hakuna ukingo, kata kuelekea pembeni, ili likirudi nyuma litoke barabarani badala ya kuingia kwenye magari ya watu.

Neno langu kubwa kwa wanafunzi ni hili: tairi liuguse ukingo kabla hujazima gari. Kuukaribia hakusaidii, kwa sababu gari likipata nafasi ya kujikusanyia mwendo linaweza kuuruka. Huwa nawashusha mmoja mmoja, wanachuchumaa, wanaangalia. Mguso unaonekana, mpira wa tairi unabonyea kidogo pale ulipokutana na zege. Ukiona mwanga unapita katikati, rudi ndani ulisogeze.

Na pembeni kukiwa na korongo, usipaki hapo kabisa, hata kwa dakika mbili.

Mji wa San Francisco, Marekani, una milima mikali katikati ya mitaa, na huko kukata tairi ni sheria. Ukipaki kwenye mteremko unaozidi asilimia 3 hujakata, unaandikiwa faini. Asilimia 3 ni kushuka mita 3 tu katika mita 100. Wengi wetu mteremko huo tungeuita tambarare.

Mama Tatu

Mimi naongea kwa niaba ya wenye otomatiki, maana tunadhani haya hayatuhusu.

Kwa miaka mingi nilikuwa nikifika naweka P, ile ya kupaki, natoa mguu, nazima. Gari linashuka kidogo, linatoa mshtuko, linasimama. Asubuhi nikitaka kuondoka, kutoa P ilikuwa vita. Lazima nivute kwa nguvu, na ikitoka inapiga "ko!" mpaka sakafu inatetemeka. Nikafikiri ndivyo gari lilivyo. Siku fundi aliponionyesha kinachoshika ile P nilinyamaza. Ni kipande cha chuma, kirefu kama kidole hivi, kinachoingia kwenye meno ya gurudumu dogo ndani ya giaboksi. Gari zima, na watoto wangu watatu ndani yake, nilikuwa nalining'iniza pale.

Sasa nafanya hivi: nakanyaga breki, naweka nyutro, navuta hendibreki, naachia breki ya mguu taratibu mpaka gari lilale na kutulia juu ya hendibreki. Nakanyaga tena, ndipo naweka P. Wakati wa kuondoka nageuza: mguu kwenye breki, natoa P, mwisho kabisa naachia hendibreki. Ile "ko!" sijaisikia tena.

Mwalimu wa Usukani

Dada Mama Tatu umeeleza vizuri mno. Naongeza moja: hakikisha kweli ni P. Mwigizaji Anton Yelchin alifariki Juni 2016 huko Los Angeles akiwa na miaka 27. Alishuka kwenye gari lake nyumbani kwake, kwenye njia yenye mteremko, likarudi nyuma na kumbana kwenye nguzo ya matofali. Magari ya aina hiyo yalikuwa yameshatangazwa kurudishwa kwa marekebisho miezi miwili kabla, kwa sababu mkono wake wa gia ulikuwa unawachanganya madereva, wakidhani wameweka P kumbe bado. Tazama herufi kwenye dashibodi kabla ya kufungua mlango.

Upepo

Nimesoma kimya kimya nikaona niandike.

Mimi natembea na vyuma mguuni. Gari langu lilianza kuserereka nikiwa nimeshashuka, natoa mizigo kwenye buti. Lilikuwa linakwenda polepole kabisa, mwendo wa mtu mzee. Nikasema nitalizuia. Nikaweka mikono kwenye buti, nikakaza miguu. Nakumbuka viatu vyangu vinateleza kwenye lami, na nakumbuka nikiwaza kwamba nikiachia sasa hivi nitalipoteza gari. Sikuachia. Nyuma yangu kulikuwa na nguzo.

Gari lile lilikuwa na bima.

Spana 17

Upepo, pole sana ndugu yangu, na asante kwa kuandika.

Kwa wanaosoma, hesabu yenyewe ni hii. Gari la kilo 1200 kwenye mteremko wa asilimia 10 linakusukuma kwa nguvu sawa na mzigo wa kilo 120 hivi. Mteremko ukiwa asilimia 20, ni kama kilo 235. Na hata kwenye huo wa asilimia 10, likiachiwa, ndani ya sekunde 5 linakuwa limefika karibu kilomita 15 kwa saa. Ule mwendo wa mzee unadumu sekunde moja au mbili tu. Ondoka pembeni, piga kelele watu wapishe, liache liende. Wala usirukie ndani kupitia mlangoni, kuna watu wamebanwa na mlango huohuo.

Kabari

Sisi wa malori hatupaki mlimani bila kuweka kitu chini ya tairi, breki iwe nzima au mbovu. Breki ya maegesho ya lori lenye breki za upepo hushikwa na springi, upepo ukiisha ndiyo inakaza zaidi, lakini kabari tunaweka.

Jiwe la mviringo halifai, tairi linalisukuma au linalipanda. Tafuta kabari ya mbao au ya mpira, au jiwe lenye upande bapa, liwe upande wa bondeni, lisukumwe mpaka lishike. Weka kwenye magurudumu mawili.

Kinachoumiza watu ni kutoa. Utingo niliyefanya naye kazi zamani alipoteza vidole viwili kwa kutoa jiwe wakati uzito wa lori umeshalilalia. Tangu hapo kwangu utaratibu ni mmoja: dereva awe kwenye usukani, injini inaunguruma, upepo umejaa, asogeze lori juu kidogo mpaka jiwe libaki huru, akanyage breki, ndipo utingo atoe akiwa amesimama ubavuni mwa tairi. Nyuma ya tairi haendi mtu.

Njia Panda

Mimi langu ni dogo. Nilipaki kwenye nyasi zenye umande, gia ndani, hendibreki juu. Magurudumu hayakuzunguka hata robo, gari likateleza hivyohivyo kama sahani iliyotiwa sabuni.

Spana 17

Nyasi mbichi, tope na kokoto ni hivyo. Breki inashika gurudumu, ardhi haishiki tairi.

Halafu naomba sana kuhusu jeki. Ukipata pancha mlimani na gari bado linaweza kujivuta, livute polepole mpaka tambarare, tairi kuharibika ni afadhali. Ukiinua gurudumu moja linaloendeshwa na injini, lile la juu linakuwa huru kuzunguka, na kwa sababu ya difu, ile inayogawa nguvu ya injini kwa magurudumu mawili, gia au P inapoteza kazi kwa lile lililobaki chini pia. Hapo unategemea hendibreki peke yake, na wewe uko ubavuni mwa gari.

Tulivu

Samahani wakuu, gari langu hendibreki ni ya kitufe. Betri ilikufa gari likiwa mlimani, na P haitoki. Je, linaweza kuondoka lenyewe?

Spana 17

Kama ulikuwa umeshabonyeza kabla betri haijafa, itabaki imeshika, haihitaji umeme kuendelea kushika. Inauhitaji kufunga na kufungua. Kwa hiyo usihangaike na P kwanza. Weka kabari upande wa bondeni, magurudumu mawili kama alivyosema Kabari, halafu bustisha betri kutoka gari jingine. Magari mengi yana kitundu karibu na mkono wa gia cha kutolea P kwa bisibisi, na wanaokuja kuvuta magari hupenda kukikimbilia. Usimruhusu mtu akiguse kabla kabari hazijakaa na mmoja wenu hajakanyaga breki akiwa ndani.

Tulivu

Nimeelewa. Gari limekaa hapo tangu jana, tairi sikukata. Natoka kutafuta kabari sasa hivi, nitarudi kuwaambia.