Kwa nini mwanadiplomasia anahamishwa pale tu anapoanza kuijua nchi?

Nuru_K

Wakuu habari zenu, naomba mnisaidie kuelewa hili maana limenikaa kichwani wiki nzima. Dada yangu mkubwa ni afisa mambo ya nje, yaani aliingia wizarani kwa usaili akiwa bado binti mdogo na hajawahi kufanya kazi nyingine maishani mwake. Kituo alichopo sasa ni mwaka wa nne. Mwaka wa kwanza alikuwa ananipigia simu karibu kulia, lugha haielewi, akiomba kikao na wenyeji anaambiwa utajibiwa na hajibiwi. Sasa hivi lugha anaongea, wakurugenzi wa kule wanampigia wao kumuuliza mambo, anajua nani ana cheo tu na nani ndo mwenye kauli kwelikweli. Na hapohapo ndo kaletewa barua ya uhamisho. Bara jingine, lugha nyingine, anaanza upya kama mgeni.

Swali langu, hii inamsaidia nani? Nchi imemlipia miaka minne ajifunze halafu siku anayoanza kuzaa matunda inamng'oa. Mimi kwa kweli naona ni hasara na naumia kumuona anavyofunga mizigo.

Na la pili dogo, kuna mwenzake mmoja alitangazwa kuwa balozi muda sasa, jina limesomwa, pongezi zimemiminika, mpaka leo yuko nyumbani hajaondoka. Anasubiri nini hasa?

MzeeWaItifaki

Nuru mwanangu, mimi nimestaafu lakini vituo vitano nimevipitia, ngoja nikueleze nilivyoyaona.

Nianze na huyo aliyekwama maana ndo jepesi. Balozi hatumwi kama barua, lazima nchi anayokwenda imkubali kwanza. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961 kuhusu mahusiano ya kidiplomasia, ibara ya 4, unasema hivyo, na unaongeza kwamba nchi mwenyeji ikikataa hailazimiki kutoa sababu yoyote. Kwa hiyo jina linapelekwa kimyakimya na kukataliwa nako mara nyingi ni kimyakimya, hawajibu tu, miezi inapita mpaka aliyetuma anaelewa mwenyewe. Mwaka 2015 Ufaransa ilimpendekeza Laurent Stefanini awe balozi wake Vatican, mtu wa kazi kabisa, alishawahi kuwa namba mbili kwenye ubalozi huohuo na wakati ule alikuwa mkuu wa itifaki wa rais. Vatican haikujibu. Mwaka uliofuata Ufaransa ikampeleka UNESCO. Ndo maana nchi nyingi hazimtangazi mtu mpaka kibali kiwe mkononi, na wanaotangaza mapema wanamuweka mtu wao pabaya sana, watu wameshampongeza halafu hana pa kwenda.

Kibali kikipatikana bado. Kwingine lazima bunge limhoji, Marekani ni Seneti, Kenya kwa katiba ya 2010 ni Bunge la Taifa. Halafu ziandikwe hati za utambulisho, zisainiwe na mkuu wa nchi, akifika kule asubiri siku ya kuzikabidhi. Mkataba, ibara ya 13, unaziachia nchi zichague, kuna zinazomhesabu ameanza kazi siku anapokabidhi hati kwa mkuu wa nchi, na kuna zinazomhesabu tangu anapotoa taarifa kwamba amefika na kupeleka nakala wizarani kwao. Hata nani anakaa mbele ya nani kwenye mstari wa mabalozi inahesabiwa kuanzia tarehe na saa hiyo. Kwa hiyo huyo mwenzake usimuone mzembe, huenda faili lake liko kwenye meza ya serikali nyingine kabisa.

Dada yako hayamhusu hayo kwa sababu si mkuu wa ubalozi. Ibara ya 7 inairuhusu nchi kuchagua maafisa wengine kwa hiari yake, wenyeji wanapewa taarifa tu. Ndo maana barua yake imekuja na tarehe kabisa.

Sasa uhamisho wenyewe. Hapo sababu ya kwanza wengi hawapendi kuisema. Ukikaa sana mahali unaanza kuwatetea wenyeji kwako badala ya kuwatetea wako kwa wenyeji. Haiji kwa rushwa wala ubaya, inakuja kwa urafiki. Umehudhuria harusi zao, umezika nao, unaandika ripoti nyumbani na bila kujua unaanza kulainisha maneno. Mimi ilinitokea kituo cha tatu, bosi wangu akanirudishia ripoti akaniuliza, hii umeiandikia serikali gani? Niliumia lakini alikuwa sahihi.

Sababu ya pili ni haki kwa wenzake. Kuna vituo kila mtu anavitaka na kuna vituo vya vita, vya magonjwa, vya upweke, familia haiwezi kwenda. Bila mzunguko wenye bahati wangebaki kwenye raha mpaka wanastaafu na wengine wangezeekea kwenye mahandaki. Hilo nalo ni zito sana ukiwa ndani ya kazi.

Kalamu_Nyeusi

Mzee nakuheshimu na maelezo ya kibali yamenyooka sana, ila kwenye uhamisho mi nabaki upande wa Nuru.

Chukua lugha tu. Wamarekani wana chuo chao cha kufundisha maafisa wao, Kihispania wanakipigia hesabu ya wiki 30 hivi, Kiswahili chetu 36, lakini Kiarabu, Kichina, Kijapani na Kikorea ni wiki 88. Wiki 88 mtu yuko darasani analipwa mshahara! Halafu umpeleke miaka mitatu, mwaka wa kwanza anazoea, wa pili anafanya kazi, wa tatu kichwa kiko kwenye kituo kijacho anatafuta atakwenda wapi na watoto watasoma wapi. Umebaki na mwaka mmoja wa kazi ya kweli, mmoja tu.

Na hiyo hofu kwamba ukikaa sana utageuka mtu wa wenyeji sio sheria ya maumbile. Anatoly Dobrynin alikuwa balozi wa Umoja wa Kisovieti pale Washington kuanzia 1962 mpaka 1986, miaka 24, kawaona marais sita kuanzia Kennedy mpaka Reagan, na sidhani kama kuna mtu Moscow aliwahi kumuona amegeuka Mmarekani. Alifika miezi michache tu kabla ya mgogoro wa makombora ya Cuba, pale nchi hizo mbili zilipokaribia vita ya nyuklia, na ule usiku wa tarehe 27 Oktoba 1962 aliyekaa na Robert Kennedy, mdogo wake rais, kutafuta njia ya kutoka ni yeye. Miaka yote iliyofuata Wamarekani walikuwa wanajua mlango wa kugonga. Au Roble Olhaye wa Djibouti, alikuwa balozi Washington tangu 1988 mpaka alipofariki 2015, nchi ndogo lakini mtu wao ndo alikuwa kiongozi wa mabalozi wote pale kwa sababu ya kukaa muda mrefu. Nchi ndogo ingepata wapi nafasi kama hiyo kwa kubadilisha watu kila miaka mitatu?

Halafu linaloniuma zaidi ni kwamba hawa waliokulia kwenye kazi ndo wanazungushwa kwa kanuni kali, kumbe kiti cha juu kinaweza kupewa mtu ambaye hajawahi kuandika hata ripoti moja ya ubalozi. Marekani kwa miongo mingi karibu theluthi moja ya mabalozi wake ni watu wa kisiasa, marafiki na wachangiaji wa kampeni, na vile vituo vizuri vya Ulaya ndo vinakwendaga huko. Afisa kapita vituo sita anaishia kumfundisha bosi wake namna ya kushika kikombe. Sisemi wote wabaya, kuna balozi wa kisiasa ambaye akipiga simu kwa rais wake inapokelewa papo hapo na wenyeji wanalijua hilo, linasaidia. Lakini isiwe njia ya kumfungia mlango mtu aliyeitumikia kazi miaka 25.

MzeeWaItifaki

Kalamu, la mabalozi wa kisiasa sikupingi hata kidogo, nimewahi kukaa chini ya mmoja na najua unachosema.

Lakini Dobrynin ni mmoja, tena nyuma yake kulikuwa na serikali isiyobadilika upesi. Mi namuangalia zaidi George Kennan, mwanadiplomasia wa Marekani. Alijifunza Kirusi kabla Marekani haijawa hata na ubalozi Moscow, akaenda kuufungua na wenzake baada ya 1933, akatolewa, akazunguka kwingine, akarudishwa 1944. Ile telegramu yake ndefu ya Februari 1946 iliyobadilisha mtazamo wa Washington wote juu ya Wasovieti aliiandika akiwa kwenye awamu ya pili. Kwa hiyo aling'olewa kweli lakini ujuzi haukutupwa, ulirudishwa mahali pake. Halafu 1952 akapelekwa mara ya tatu, sasa kama balozi, na baada ya miezi michache akatamka maneno makali juu ya maisha ya Moscow mbele ya waandishi Berlin, Wasovieti wakamfukuza. Alikuwa anaijua ile nchi kuliko karibu Mmarekani yeyote, na ulimi bado ulimponza.

Kwa hiyo mimi nasema muhamishe mtu lakini mrudishe. Ubaya ni kumpeleka mtu wa Kiarabu akasahau Kiarabu.

Mama_Pacha

Naomba niseme mimi ambaye sio afisa, ni mke wa afisa, tumehama mara nne.

Mnazungumzia miaka mitatu au ishirini kama hesabu tu, ila mi nimeona kitu kingine. Kituo chetu cha pili mume wangu alifika hakukuta mtu. Aliyekuwepo alishaondoka miezi mitano nyuma, kwenye droo kaacha funguo na kwenye kompyuta faili hazina mpangilio, hakuna hata karatasi moja ya kusema fulani ukimuhitaji anapatikana hivi na fulani usimuamini. Mume wangu alikwenda kujitambulisha kwa mzee mmoja mkubwa pale, yule mzee akamwambia "nyie watu wenu wanakuja na kuondoka bila kuaga, mimi sianzi tena." Ilimchukua mwaka mzima kumrudisha yule mzee, mwaka mzima, na alikuwa anakuja nyumbani usiku kachoka amenyamaza. Hapo ndo nilielewa kwamba tatizo sio kuhama, tatizo ni kwamba anayetoka na anayeingia hawaonani.

Na sisi wenza nasi tunaachwa nyuma, mi ni nesi, kuna nchi huruhusiwi kufanya kazi mpaka serikali mbili ziwe na makubaliano ya wenza kufanya kazi, kwa hiyo nchi moja nimefanya kazi na nyingine mbili nimekaa. Watoto wangu mmoja anaongea lugha ambayo mwenzake alishaisahau. Sijutii lakini anayepanga vituo akumbuke kuna watu wanne kwenye hiyo barua sio mmoja.

Nuru, dada yako ana muda gani kabla hajaondoka? Na anayekuja anajulikana?

Nuru_K

Mzee shikamoo, na dada Mama Pacha asante sana, umenigusa. Nimemuuliza sasa hivi. Ana wiki saba. Anayekuja anajulikana ila atafika siku kumi na mbili baada ya yeye kuondoka, tarehe ndo zilivyopangwa. Anasema ripoti ya makabidhiano anaiandika lakini fomu yenyewe ni ya samani, magari na matumizi, hakuna sehemu ya watu.

Mzee, kuna anachoweza kufanya?

MzeeWaItifaki

Marahaba mwanangu.

Anaweza, na sio jambo jipya. Venice ya zamani, enzi hizo ikiwa dola kamili kule Italia, ilikuwa inabadilisha mabalozi wake kila baada ya miaka michache, lakini akirudi alikuwa lazima asimame mbele ya Seneti asome ripoti ya mwisho, nchi ile ina nguvu gani, mtawala wake ana tabia gani, anamsikiliza nani. Wanahistoria mpaka leo wanazitumia kuijua Ulaya ya karne ya 16. Waingereza nao walikuwa na desturi ya balozi anayeondoka kuandika barua ya kuaga isiyoficha kitu, wakaizuia mwaka 2006 baada ya moja kusema ukweli ambao wakubwa hawakuupenda. Mi naona walikosea sana, maana mtu anayeondoka ndo pekee asiyeogopa kusema.

Kwa hiyo ile fomu ya samani aijaze kama ilivyo, halafu aandike yake. Sio kurasa mia. Watu ishirini au thelathini, kila mtu mistari mitatu, anapenda kupigiwa au kutembelewa, aliwahi kuahidiwa nini na sisi tukashindwa, ahadi gani yake bado tunaidai. Hizo ahadi zilizolala ndo zinamuaibisha mgeni siku ya kwanza, kwa hiyo aanze nazo. Ila asiiache kwenye barua pepe za kawaida wala simu yake, ipitie njia za siri za ofisi maana ina majina ya watu walioaminiana naye.

Pili, hao wa juu kabisa, tuseme watano, akawaage ana kwa ana na awatajie jina la anayekuja. Yule mzee wa Mama Pacha asingesema yale maneno kama angeagwa.

Tatu, zile siku kumi na mbili azipiganie. Amwandikie mkuu wake leo, asisubiri, aombe yeye abaki siku kadhaa au mwenzake awahi. Hata siku tatu zinatosha kuzunguka naye kwa wale watano. Wiki saba kabla bado tiketi zinabadilishika, wiki mbili kabla hakuna atakayemsikiliza.

Nuru_K

Nimemsomea yote kwenye simu. Kanyamaza kidogo halafu kaniambia kuna ahadi moja ya nafasi za masomo wenyeji waliahidiwa tangu kabla yake yeye hajafika, na kila mara wanamkumbusha, na hajaiandika popote. Barua kwa mkuu wake anaandika usiku huu.