Meko ya ukutani kwenye nyumba ya zamani Karen: nani anakagua dohani kabla hatujawasha moto?

MamaTumaini:
Habari zenu wadau. Tumepanga nyumba huku Karen, zile za mawe za enzi za mkoloni, paa la vigae. Sebuleni kuna meko ya ukutani ambayo mwenye nyumba anasema haijawashwa miaka mingi. Baridi ya Julai mnaijua, na mama mkwe mwenye pumu anakuja kukaa nasi. Mume wangu ameshanunua kuni. Nimemulika dohani kwa tochi nikaona masizi yanayong'aa kama lami, na juu yake vijiti vijiti. Nimtafute fundi gani, na nimwambie akague nini?

FundiMawe:
Dada, msiwashe kwanza. Hayo masizi ya kung'aa ni kriosoti: moshi wa kuni zisizokauka ukipoa ndani ya dohani hugandamana ukutani, na hiyo huwaka. Dohani ikishika moto huunguruma, joto laweza kufika nyuzi 1,000, mawe yanapasuka na moto unaingia kwenye mbao za paa. Kiwango cha Marekani cha usalama wa dohani, NFPA 211, kinataka ukaguzi angalau mara moja kwa mwaka, na wasafishaji wa huko hawangoji utando uzidi milimita 3.

Tafuta fundi wa mawe aliyewahi kujenga dohani, si yeyote mwenye ngazi. Atazame nyufa, chokaa iliyolika na kofia ya juu. Kisha aingie darini na tochi, pale dohani inapopita kati ya mbao. Hapo ndipo wengi hawafiki, na ndipo hatari ilipo. Akikuta mbao zimebadilika rangi au zina alama ya moshi, msiwashe hadi ukuta uzibwe. Hivyo vijiti ni kiota cha ndege. Aangalie pia nyuki, wanapenda sana dohani zilizolala.

Kijana_wa_Rongai:
Hizo gharama za nini? Wekeni jiko la makaa sebuleni, mfungue dirisha kidogo.

NesiZamuYaUsiku:
Hapana ndugu yangu, tafadhali usimshauri mtu hivyo. Jiko halina dohani kabisa, gesi yote inabaki chumbani. Kila msimu wa baridi kuna familia nchini inayolala na jiko na haiamki. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na hushika damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Dohani iliyoziba na kiota huirudisha gesi hiyohiyo ndani.

MamaTumaini, dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito. Watu hudhani ni malaria. Mkiumwa kichwa nyumba nzima na mkitoka nje mnapata nafuu, msirudi ndani, nendeni hospitali. Nunueni king'ora cha gesi hii hasa, maana cha moshi hakiitambui. Na kwa mgonjwa wa pumu, hata dohani safi ikivuta vibaya moshi utamsumbua. Mimi ningempa blanketi nzito na chumba cha mbali na meko.

Mzee_Limuru:
Nimeota moto wa kuni maisha yangu yote. Kuni za kando ya barabara mara nyingi ni mbichi. Zipasueni, zipangeni chini ya paa penye upepo, muwati au mkaratusi, miezi sita au zaidi. Gonganisha mbili: kavu hulia kwa sauti kali, mbichi hutoa kishindo kizito. Mafuta ya taa msiyaguse. Jivu litieni kwenye debe la bati lenye kifuniko, mliweke nje mbali na ukuta, kwa sababu kaa huweza kuishi ndani yake siku kadhaa.

MamaTumaini:
Asanteni sana, Mungu awabariki. Mwenye nyumba amekubali kumlipa fundi, na kuni zimehamia gereji. Mama mkwe atalala chumba cha nyuma. Fundi akimaliza kusafisha, nitajuaje kazi imekamilika?

FundiMawe:
Washeni gazeti moja tu kwenye meko, madirisha yakiwa wazi, fundi mwingine akiwa darini na tochi. Moshi wote utoke juu. Ukionekana darini au ukirudi sebuleni, usimlipe salio, arudie.