Seva ya ofisi inazima hovyo, bosi anataka "isizime kabisa"

mpwa_wa_ilala
Wakuu habari za mchana. Niko ofisi ya uwakala wa forodha hapa Dar, watu 34, seva moja inabeba mafaili, uhasibu, kila kitu. Umeme ukikatika UPS (lile boksi la betri ya akiba) inashika dakika mbili halafu kimya, ukirudi kuna siku seva inagoma kuwaka kabisa. Mwezi uliopita tulikaa saa sita hivihivi na makontena ya wateja yako bandarini stoleji inahesabu, simu nilizopokea siku ile Mungu anajua. Intaneti tuna faiba mbili za kampuni tofauti, hapo sina shida. Sasa bosi kanipa hela ya seva ya pili na yeye anaona tumemaliza, mimi roho inasita. Mnanishaurije?

kebo_tano
Isikilize hiyo roho mkuu. Kwanza mbane bosi aseme "isizime kabisa" ndo nini, maana hata 99.9% kwa mwaka bado ni karibu saa 9 za kuzima, ukitaka 99.99% unabaki na dakika 53 tu, gharama yake ataikimbia mwenyewe. Mwambie ikizima irudi ndani ya nusu saa na tusipoteze kazi ya zaidi ya saa moja, hapo mtaelewana.

Halafu seva ya pili ukiichomeka kwenye UPS ileile na swichi ileile ya mtandao (kiboksi kinachounganisha kompyuta zote) umenunua pambo. Fuata waya kwa kidole toka ukutani mpaka kwenye kompyuta ya mhasibu, kila ambacho kiko kimoja tu kiandike. Kuna ofisi nilikuwa, mtu kakuta kipande cha kebo kinaning'inia chini ya meza akaona akirudishe mahali pake, kumbe ncha ya pili tayari iko kwenye swichi hiyohiyo, mtandao wote chali, seva mbili zinawaka taa za kijani zinatuangalia tu. STP (kinga inayozuia data kuzunguka bila mwisho kwenye kebo kama hiyo) ingekuwa imewashwa kwenye ile swichi wala tusingejua.

mama_raki
Dakika mbili hizo ni betri imechoka mdogo wangu. Hizi za madini ya risasi zinaenda miaka 3 mpaka 5, kwenye chumba chenye joto la Dar hata hazifiki. Angalia na nani kajichomeka humo, sisi tulikuta printa ya leza, mtu wa mapokezi kaona soketi iko wazi basi, kila akiprinti UPS inapiga kelele maana ile printa ikijipasha inavuta umeme mwingi kwa mkupuo. Kisha chukua waya wa USB toka UPS uingie kwenye seva, weka NUT, programu ya bure inayosoma hali ya UPS, betri ikishuka seva inajizima yenyewe kwa adabu. Huko kugoma kuwaka nahisi ni hizo kukatwa ghafla.

Kama mna jenereta ulizia UPS ya onlaini (inayolisha seva kupitia betri yake muda wote), hizi za kawaida nyingine zinaukataa umeme wa jenereta, zinakula betri mpaka inaisha huku jenereta linanguruma nje 😅

asiyelala
Naongezea mbili. RAID (diski kadhaa kubeba mafaili yaleyale) siyo bakapu, mtu akifuta faili linafutika diski zote. Weka nakala nje ya jengo na kila mwezi rudisha faili moja kweli, ulifungue ulione. Na hizo faiba, usihesabu kampuni hesabu njia. Mei 2024 EASSy na SEACOM, nyaya za intaneti zinazopita chini ya bahari, zilikatika kwa pamoja upande wa Afrika Kusini, Tanzania na Kenya wote tukaipata, ukiwa na kampuni mbili zinazopita hukohuko ilikuwa kazi bure. Ulizia zinapita wapi.

mpwa_wa_ilala
Nimerudi wakuu. Nimefuata waya kwa kidole kama mlivyosema. Betri ya UPS imevimba mpaka haitoki kwenye trei, stika yake ni ya 2017, ofisi yenyewe mimi nimeingia 2021. Printa haimo ila birika la chai limo. Halafu nikatoka nje kuzitazama zile faiba mbili nilizojisifia, zote zinaning'inia kwenye nguzo moja, ile ya kona iliyoinama toka lori liigonge. Nimemwita bosi aje aione mwenyewe.