Tupeane uzoefu: duara, mviringo, pete, tufe… kazini kwako mnasemaje?

Mleta mada
Habari za muda huu wakuu. Lile neno "circle" la Wazungu limebebeshwa mengi mno: umbo la darasani, kundi la marafiki, watu waliokaa kwa kuzungukana, hadi viti vya ghorofani kwenye kumbi za maonyesho. Huku kwetu kazi hizo zimegawanywa: duara, mduara, mviringo, pete, tufe, duru, mzunguko, kitanzi. Kamusi zinayaweka karibu karibu, ila ukiwa kazini huwezi kuokota lolote tu ukaeleweka. Leteni visa vya kazini kwenu. Nadharia tuachie wengine.

Mpiga Chokaa
Mimi napiga mistari ya viwanja vya mpira. Duara la katikati halina maneno: unakita kigingi kwenye kitovu, unafunga kamba ya mita 9.15, unazunguka na chokaa huku kamba imekazwa. Ikilegea kidogo tu duara linatoka na tumbo. Hizo 9.15 ni yadi 10 za zamani, ndio umbali ambao wapinzani wanatakiwa kukaa wakati mpira unaanzwa.

Ugomvi uko kwenye ule mkunjo wa nje ya boksi. Watu wote wanauita nusu duara. Sasa mpe kijana mgeni kazi, mwambie "kachore nusu duara pale", atakwenda kukita kigingi katikati ya mstari wa boksi na kuchora nusu kamili. Kichekesho! Kigingi kinakaa kwenye nukta ya penalti. Kutoka mstari wa goli hadi nukta ni mita 11, hadi mstari wa boksi ni 16.5. Kwa hiyo kamba ileile ya 9.15 inameza mita 5.5 ikiwa bado ndani ya boksi, na kinachochomoza nje ni kipande tu. Hilo ni tao, halifiki nusu hata kwa mbali. Kazi yake ni kuwaweka wachezaji wengine mbali na mpira wa penalti, ndiyo maana ndani ya boksi hatulichori: kule hawaruhusiwi kuwepo kabisa. Siku hizi nasema "tao la penalti" na kijana anakwenda moja kwa moja kwenye nukta.

Kwenye kona ni robo duara, kamba ya mita 1. Pale jina na umbo vinapatana.

Mleta mada
Aisee. Mpira wote huu ninaoangalia sikuwahi kujiuliza lile tao linatoka wapi. Endeleeni.

Ticha wa Namba
Mimi neno ninalogombana nalo ni "mviringo". Duara najua ni la bapa, tufe ni la mpira, mcheduara ni wa bomba, pia ni ile yenye ncha juu, duaradufu ni lile lililobanwa. Lakini ukiliambia darasa "choreni mviringo", huyu anachora duara, yule anachora yai, na mwingine anaanza kuweka vivuli ili lionekane kama mpira. Wote wana haki, maana mtaani neno linatumika hivyo hivyo. Nimeamua mviringo libaki kuwa sifa tu, "umbo la mviringo", na kwenye mtihani naandika jina kamili.

Na msidhani ni ubishi wa walimu. Wanajimu walishikilia duara kwa karne nyingi wakiamini sayari haziwezi kwenda kwa njia nyingine, wakawa wanaongeza viduara juu ya duara ili hesabu zikubali. Mwenzao Kepler mwaka 1609 akatoa kazi yake kuhusu Mirihi: njia yake ni duaradufu. Tofauti ya maumbo hayo mawili kwa macho ni ndogo sana, lakini ndiyo iliyokuwa inaharibu hesabu.

Fundi Nguo
Ticha, njoo kwenye cherehani uone duara linavyotesa.

Mteja anakuja, "fundi, nataka sketi ya duara". Kabla sijagusa mkasi nauliza: duara zima au nusu? Wengi hawajui kama kuna tofauti. Wanachotaka ni sketi inayochezacheza wakigeuka, basi. Sasa angalia. Kiuno sentimita 70. Kwa duara zima unagawa kwa 6.28, unapata 11 na kidogo, hiyo ndiyo nusu kipenyo ya tundu la kiuno. Kwa nusu duara unagawa kwa 3.14, unapata 22 na kidogo. Ukikosea kugawa, tundu la kiuno linapita mtu na jirani yake.

Duara zima nakunja kitambaa kiwe tabaka nne, kona ya mikunjo inakuwa kitovu. Nashikilia ncha ya tepu pale konani, nauzungusha mkono nikiweka alama za chaki, kwanza 11 (ukipunguza kidogo kwa ajili ya mshono), kisha 11 ukijumlisha urefu wa sketi. Urefu wa 60 unakupeleka 71, maana yake kitambaa kiwe na upana wa 142 kama hutaki viungio. Hapo ndipo wateja wengi wanageukia nusu duara wenyewe.

Kitu ambacho wanaojifunza hawaambiwi: duara ukishalikata, kuna sehemu uzi wa kitambaa unashuka wima na kuna sehemu umekaa mshazari. Ile ya mshazari inavutika. Ukipinda upindo siku hiyohiyo, baada ya muda mfupi sketi inaning'inia masikio upande huu na ule, na mteja anakuja juu. Itundike usiku kucha kwanza, iache ishuke inavyotaka, halafu pima kutoka sakafuni kwenda juu kuzunguka mzima, punguza, ndipo upinde. Yaani ili chini paonekane duara, inabidi ukate kitu ambacho si duara tena.

Msoma Kimya
Huo mstari wa mwisho fundi umeniacha hoi.

Mfasiri wa Usiku
Mimi na maandishi. "Circle" ikija kwenye habari za siasa haina umbo lolote, ni "duru": duru za kidiplomasia, duru za kuaminika. Na duru hiyohiyo kesho inakuwa raundi, duru ya pili ya uchaguzi. Kwenye mambo ya uchumi, mtu anakopa ili alipe deni kisha anakopa tena, hapo naandika mzunguko. Marafiki? "Watu wake wa karibu", basi. Nimewahi kuona mtu kaandika "duara la marafiki zake" nikapata picha ya watu wamesimama uwanjani wameshikana mikono.

Alama ya Olimpiki, aliyoibuni Coubertin mwaka 1913, ni pete tano. Duara halishikani na duara mwenzake, pete ndiyo inapitishwa ndani ya pete.

Na ndondi sasa! Kiingereza wanaita pete mahali penye kona nne. Zamani watazamaji walikuwa wanazunguka wapiganaji, jina likabaki hata baada ya kanuni za London za mwaka 1838 kuweka mraba wa futi 24 uliozungushiwa kamba. Sisi tuna ulingo, hatuna kesi.

Mpika Keki
Kifupi tu. Mtu ana kipimo cha keki ya chombo cha sentimita 20, anataka ya 30, anaongeza viungo nusu. Haijai! Eneo linakwenda kwa mraba wa kipenyo, kwa hiyo ni mara 2 na robo.

Mgeni Humu
Wakuu naomba kuuliza, nina ubao wa mviringo nimeukuta umeshakatwa, kitovu hakijulikani. Nakipataje bila kubahatisha?

Seremala Mkimya
Mviringo kama duara au kama yai? Ticha kashasema.

Mgeni Humu
Duara kabisa mkuu, ni uso wa stuli.

Seremala Mkimya
Chukua karatasi yenye kona iliyonyooka, nyuzi 90. Weka ncha ya kona iguse ukingo wa ubao, popote. Pande mbili za karatasi zitakata ukingo sehemu mbili, weka alama, ziunganishe kwa rula. Huo mstari ni kipenyo. Kama karatasi haifiki, tafuta kubwa zaidi. Hamia sehemu nyingine ya ukingo urudie. Mistari miwili inapokatana ndipo kitovu. Chora na wa tatu, ukipita palepale toboa. Usipopita, ubao wako si duara, rudi kwa aliyekukatia.