Asidi ya sialiki juu, chaji chini: kosa liko wapi?

Maabara_Nakuru: Wadau, salaam. Nalinganisha seli nyekundu za panya SHR, wale wenye shinikizo la damu la kurithi, na za WKY, panya wa kulinganishia wenye shinikizo la kawaida, wote madume wa wiki 16. Mwendo wa seli kwenye uga wa umeme unaonyesha chaji hasi ya SHR imepungua. Ila asidi ya sialiki, sukari yenye asidi inayoipa seli sehemu kubwa ya chaji hiyo hasi, imetoka juu zaidi kwa hao hao SHR! Nimeipima kwa njia ya Warren, inayotoa rangi kwa periodeti na asidi ya thiobabituriki. Damu ni ya EDTA (kizuia kuganda), seli zimeoshwa mara tatu kwa salini ya fosfeti pH 7.4, nikasoma rangi kwenye urefu wa wimbi wa nm 549 pekee.

Omena_Kavu: Hiyo "pekee" ndiyo shida. Malondialdehaidi, inayotokana na mafuta ya utando yaliyoharibiwa na oksijeni, nayo hutoa rangi na asidi ya thiobabituriki. Kilele chake ni nm 532 na ukingo wake hufika 549. Ikiwa SHR wako wana uharibifu zaidi wa aina hiyo, ziada ya uongo inaangukia kundi lilelile. Soma 532 na 549, kisha sahihisha. Na utando uwe mweupe: pasua seli kwa fosfeti baridi mM 5, pH 8, zungusha g 20,000 dakika 20, rudia hadi uwaridi wa himoglobini uishe. Himoglobini ikibaki, chuma chake kitaendelea kuharibu mafuta humo humo kwenye asidi ya nyuzi 80.

Mzee_wa_Bafa: Na usigawe kiasi cha sialiki kwa miligramu za protini. Seli za SHR mara nyingi huwa ndogo na nyingi. Gawa kwa idadi ya seli, halafu kwa eneo la uso. Jambo jingine husahaulika: sialiki ya panya hubeba vikundi vya asetili vinavyozuia periodeti kuikata, rangi ikapungua. Loweka kwa NaOH M 0.1 juu ya barafu dakika 30, kisha rudisha pH.

Tena, rangi hutokea kwa kuchemsha mirija, na Nakuru, kwa mwinuko wake, maji huchemka karibu nyuzi 94, kwa hiyo usiazime kigezo cha kugeuza rangi kuwa kiasi kutoka makala ya watu wa pwani. Mirija ya sialiki halisi ya kiasi kinachojulikana ichemke pamoja na sampuli, kila siku ya kazi.

Maabara_Nakuru: Asante. Na ule mwendo, niuamini?

Omena_Kavu: Weka seli chache kwenye nyuraminidesi, kimeng'enya kinachokata sialiki, kwanza. Mwendo usiposhuka kwa kiasi kikubwa, kagua chumvi ya bafa na joto la chemba kabla ya kuwashuku panya.