Tupeane uzoefu: bodi na programu ya kompyuta zinapogoma kuongea

Wakuu, salaam. Naomba tukusanye hapa visa vya maikrokontrola (chipu inayoendesha bodi kama Arduino) kugoma kuwasiliana na kompyuta kwa poti ya siriali. Tafadhali usiishie "nikabadilisha, ikakubali". Taja dalili na sababu, maana dalili moja huwa na vyanzo vingi.

Naanza. Arduino Uno, amri zinatoka kwenye programu ya Python. Nikiandika amri kwa mkono kwenye Serial Monitor (dirisha la Arduino la kutuma na kusoma ujumbe wa poti), bodi inajibu. Programu ikituma amri ileile, kimya. Sababu ni kwamba kompyuta ikifungua poti, ishara ya DTR (laini ya kuashiria kwamba kompyuta iko tayari) hupitia kapasita ndogo na kuivuta pini ya RESET, bodi ikaanza upya. Kwa sekunde moja au mbili anayesikiliza ni butiloda (programu ndogo ya bodi inayosubiri kupakiwa msimbo mpya), na amri iliyofika wakati huo inapotea. Wengi husubirisha programu sekunde 2 baada ya kufungua poti. Mimi naona afadhali bodi yenyewe itume neno TAYARI mwishoni mwa setup() (sehemu ya msimbo inayoendeshwa mara moja bodi inapowaka), na kompyuta isitume kitu mpaka ilisome. Muda wa kukisia utakuangusha siku ukibadilisha bodi.

#2
Kwangu zilikuwa herufi za ajabu ajabu. Bodi 9600, programu 115200. Nikilinganisha kasi, kwisha.

#3
Windows ilikuwa inakataa kufungua poti. Serial Monitor ilikuwa bado wazi, na poti haishikwi na wawili. Kwenye Linux nako kulikuwa na ukuta mwingine: ilibidi mtumiaji aingizwe kwenye kundi la dialout (lenye ruhusa ya kutumia poti za siriali), kisha atoke na kuingia upya.

#4
Kilichonitesa ni grafu. Kihisi kinatoa 1023, grafu inachora 10, halafu 23! Kwenye Serial Monitor namba ni sahihi kabisa, ndiyo maana lawama zote zinaiendea programu ya kuchora. Kumbe kwa kasi ya 9600, yaani biti 9600 kwa sekunde, kila baiti inasafiri na biti 10: moja ya kuanzia, nane za data, moja ya kufungia. Hizo ni baiti 960 tu kwa sekunde. Programu inasoma kwa pupa, inakuta nusu ya namba ndiyo imefika, inaichora hivyo hivyo.

Rundika kila kinachofika kwenye bafa (hifadhi ya muda) hadi uione '\n', alama ya mwisho wa mstari, ndipo uchukue mstari mzima. Tena println(), amri ya bodi ya kutuma mstari, hutanguliza '\r' (herufi isiyoonekana) kabla ya '\n'. Usipoiondoa, hata hilo TAYARI la mleta mada litakataliwa na programu ilhali kwa macho linaonekana sawa.

#5
Kabla ya kugusa msimbo, jueni kwanza tatizo liko upande gani. Kwenye Uno, unganisha RESET na GND, halafu pini 0 na 1 kwa waya. Unachoandika kwenye Serial Monitor kikirudi, basi kebo, draiva na poti ni vizima. Kisiporudi, anza na kebo. Zipo za kuchajia tu, hazina nyaya za data.

Mleta mada
#5, asante sana mkuu. Na kikirudi lakini bodi bado haijibu?

#5
Toa nyaya zote mbili, wa RESET na GND na wa pini 0 na 1, kisha chomoa chochote kilichobaki kwenye pini 0 na 1. Kwenye Uno ndizo zinazobeba mawasiliano ya USB, kwa hiyo moduli ya Bluetooth au GPS ikikaa hapo itagombania laini na kompyuta. Ihamishie pini nyingine kwa SoftwareSerial, maktaba ya Arduino inayozifanya pini za kawaida kuwa poti ya siriali.